Homestead, Mji wa Chuma cha Pua

Msafiri atokaye Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, akaufuata mto Monongahela kwa maili chache, hufika mji mdogo uitwao Homestead. Nilipofika huko nilizikuta dohani 12 za matofali zimesimama safu moja bila moshi, jirani na maduka. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1986.

Bwana Andrew Carnegie, aliyekinunua mwaka 1883, alizaliwa Scotland mwaka 1835. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo ambaye kazi yake ilimezwa na mashine za mvuke. Walihamia Marekani mwaka 1848, na kijana huyo akaanza kazi katika kiwanda cha nguo kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akawa tarishi wa simu, kisha karani wa reli. Sisi makarani hupenda sana habari za namna hii, nami nakiri kwamba niliisoma kwa furaha.

Lakini ukingoni mwa mto iko nyumba ya pampu, na habari yake ni nyingine. Mwaka 1892 Carnegie alikwenda Scotland, akamwachia kazi Bwana Henry Clay Frick, ambaye alitaka kupunguza mishahara na kukivunja chama cha wafanyakazi. Frick alikizungushia kiwanda ua mrefu wenye seng'enge, akawafungia watu nje. Alfajiri ya tarehe 6 Julai askari 300 wa kukodiwa waliletwa kwa matishari mawili. Wafanyakazi pamoja na wake zao waliteremka mtoni kuwazuia, na bunduki zikalia mpaka alasiri, hata askari wale wakasalimu amri. Walikufa watu wa pande zote mbili, wengi wao wafanyakazi. Siku chache baadaye jeshi la jimbo liliuchukua mji, na kabla mwaka haujaisha chama kilikuwa kimeshindwa.

Miaka sita baadaye, yaani 1898, Carnegie aliwafungulia watu wa hapo maktaba nzuri kilimani, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Ingali ikitumika. Niliketi humo nikajiuliza: mtu aliyetoka tanurini baada ya kazi ya saa 12, angesoma kitabu saa ngapi? Hata hivyo ulimi wangu ni mzito kuilaumu. Mwaka 1901 Carnegie aliuza viwanda vyake kwa dola milioni 480, na mwaka 1911 akaanzisha mfuko wa kusaidia elimu. Fedha za mfuko huo zilisaidia kuanzishwa kwa Jeanes School ya Kabete mwaka 1925, na mjomba wangu, aliyenifundisha kusoma, alipata ualimu wake huko.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwenye nyumba ya pampu. Tishari la makaa lilikuwa likipita polepole, na mzee mmoja alikuwa akivua samaki pale pale waliposhukia askari wale.