Majina Manne, Sanduku Moja

Nilipoingia ukarani katika forodha ya Tanga, mwaka 1956, meli kubwa zilikuwa hazifiki gatini. Zilitia nanga katika ghuba, na shehena ikaletwa ukingoni kwa matishari, nasi makarani tukakaa na orodha zetu mikononi tukilinganisha kilichoandikwa na kilichofika. Kazi hiyo wenzangu wengi waliiona kavu, na sikuwalaumu. Walakini mimi ndiyo iliyonifungulia milango ya mambo yote niliyoyaandika baadaye magazetini, kwa kuwa mtu ahesabuye robota za katani tangu asubuhi hadi alasiri, akiwa na chembe ya udadisi, hana budi kujiuliza mmea huu ulitoka wapi, na mtu angojaye tishari lililochelewa hana la kutazama ila maji.

Basi nikayatazama maji, na nikawauliza masarahangi wazee, ambao walinifundisha kulijua bamvua kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu ya katikati yake, na namna kusi inavyoanza kulainika kabla baharia wa mjini hajahisi kitu. Nikauliza pia habari za mkonge, nikapata katika vitabu kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, na kwamba mwaka 1893 ilifika hai 62 tu. Na kila nilipoona matishari yamesheheni katani hadi ukingo kuzama, niliikumbuka miche ile michache kwa staajabu ambayo haijanitoka hata leo. Jioni, nyumba za jirani zetu zilikuwa na vilabu vya taarabu, na baadaye Tanga ikagawanyika kati ya Black Star na Lucky Star, ushabiki ambao ulizitenganisha hata meza za harusi. Fauka ya hayo nilikuwa nimenunua kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, nikashikwa na maradhi ya vina na mizani, maradhi yasiyo na tabibu.

Mambo manne hayo, bahari, mimea, muziki na ushairi, hayakupata kukaa pamoja katika baraza moja niliyoijua. Wavuvi hawakutaka kusikia habari za gitaa; malenga waliona mkonge si maudhui ya mtu mwenye adabu; na wapenzi wa taarabu walisoma kitu kimoja tu, nacho ni nani amesifiwa na nani ameachwa. Kadhalika kulikuwa na jambo la mwajiri: serikali ya kikoloni haikuwaruhusu watumishi wake kujiunga na TANU, iliyoundwa mwaka 1954, na ingawa maandishi yangu hayakugusa siasa, karani mwenye busara hakupenda jina lake lionekane gazetini hata chini ya habari za maembe. Tena lakabu ilikuwa desturi yenye heshima. Washairi wa Mambo Leo na magazeti mengine walijipa majina waliyoyataka, na mmoja wao, Akilimali, alijiita Snow-White bila ya mtu kumwuliza kwa nini. Nami nikajigawa. Katika mambo ya bahari niliitwa Bin Bahari. Katika mimea, Mpanda Mbegu. Katika taarabu, Sikio la Kale. Na katika mashairi, Mnyonge wa Chumbageni.

Kuendesha watu wanne kwa mshahara wa mmoja si jambo jepesi. Baada ya sala ya isha nilikaa na taipu kuukuu niliyoinunua kwa Mhindi mmoja wa Barabara ya Soko, herufi yake ya «h» imekatika mguu, nikatia karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili, ili nakala moja iende posta na moja ibaki. Nakala niliandikisha katika daftari la hesabu lenye mistari myekundu: tarehe, gazeti, jina lililotia sahihi, jambo, na, katika safu ya mwisho iliyokaa tupu mara nyingi kuliko nilivyopenda, jibu. Kila jina lilikuwa na lafudhi yake. Bin Bahari alisema kwa ufupi, kama mtu mwenye kamba mkononi. Mpanda Mbegu alitoa ushauri hata asipoombwa. Sikio la Kale alikuwa na ulimi, tena bibi mmoja wa Pangani alimwandikia barua akimwita «shoga yangu», kwa yakini kwamba mwanamume hawezi kujua mambo yale. Na Mnyonge alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, kama ilivyowapasa washairi wachanga wa zama zile. Mwiko niliojiwekea ulikuwa mmoja: jina lisimsifu mwenzake. Nimewaona waandishi wakijipigia makofi kwa mkono wa pili, na sijui fedheha iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lakini majibu yote yalikuja katika sanduku moja la posta, kwani la pili lingehitaji ada ya pili. Karani wa posta, mtu mcheshi, alikuwa ameshaelewa zamani. «Bwana Forodha,» alikuwa akiniambia huku akinisukumia barua dirishani, «leo wageni wako wamegombana, naona mmoja kaandikiwa kwa wino mwekundu.»

Siku za mwanzo za uhuru, Mnyonge wa Chumbageni alitoa shairi ambalo ndani yake kulikuwa na maneno «kusi haina adabu ya hodi». Maneno hayo Bin Bahari alikwisha kuyatumia katika makala, katika gazeti lile lile. Msomaji mmoja wa Korogwe, mwenye kumbukumbu ya kutisha, akaandika kwa ghadhabu kwamba Mnyonge ni mwizi wa maneno. Na kwa kuwa gazeti lilichapa anwani za waandishi chini ya barua zao, akaongeza ushahidi ambao yeye aliuona ni wa kukata shauri: kwamba wawili hawa wana sanduku moja, kwa hiyo ni dhahiri Mnyonge humfungulia jirani yake barua na kumwibia kabla hazijapelekwa. Mhariri, kwa uadilifu wake, akapeleka barua mbili katika sanduku langu, moja akimtaka Mnyonge ajitetee, na ya pili akimpa Bin Bahari pole kwa madhila yaliyomfika.

Nilizisoma zote mbili nimekaa juu ya robota. Kumtetea Mnyonge kwa kinywa cha Mnyonge kungekuwa uongo, na kumsamehe kwa kinywa cha Bin Bahari kungekuwa uongo mtamu zaidi, jambo ambalo mwiko wangu ulilikataza. Nikaandika barua moja, nikatia sahihi jina nililopewa na baba yangu, nikasema kwamba mwizi na aliyeibiwa hulala kitanda kimoja, na kwamba ndani ya kitanda hicho wamo wengine wawili.

Mhariri aliichapa, kisha akaniandikia faraghani kunishauri nichague jambo moja, akidai kwamba msomaji hamwamini mtu wa mambo mengi. Ushauri huo nimeusikia tena kwa watu wengi, nao aghalabu ni watu waungwana. Nami sikuufuata, maana niliona kwamba jicho lililojifunza kusoma maji ndilo lililosikia mahali ambapo mpiga ngoma anachelewa, na kwamba asiyejua jinsi mmea unavyohama kutoka bara hadi bara atapata taabu kueleza jinsi wimbo unavyohama. Walioondoka waliondoka. Malenga mmoja aliacha kunijibu beti zangu, na bibi wa Pangani alikaa kimya mwaka mzima. Lakini waliobaki walianza kuniandikia barua za namna nyingine kabisa: mtu akinipinga juu ya kituo cha ubeti, na chini ya sahihi yake akiniuliza bamvua la mwezi ujao litaangukia lini, kwa sababu shemeji yake ana dema.

Hasara ya kuandika yote kwa jina langu ilikuwa ya nyumbani. Sikio la Kale aliweza kusema kwamba kilabu fulani kimeimba vibaya. Mtu mwenye jina, mke na wakwe hakuweza, au aliweza kwa gharama, na ziko harusi ambazo mke wangu alikwenda peke yake. Nilijifunza kuandika sifa kwa kipimo na lawama kwa kipimo, na kungoja siku mbili kabla ya kutia bahasha gundi.

Mwaka juzi alinijia kijana mtafiti, mstahiki, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili, akaomba madaftari yangu, lakini mashairi tu. Nikamwonyesha kwamba yamepangwa kwa tarehe, si kwa mambo. Shairi limelala kati ya barua ya utitiri wa minazi na habari za dau lililopinduka, na kulitoa ni kuichana karatasi ya mwenzake. Akaniuliza kama anaweza kuyapiga picha yale ayatakayo. Nikamwambia ayapige yote au aache. Alikaa kwangu tangu asubuhi hadi magharibi akifungua ukurasa baada ya ukurasa, na wakati wa chai nilimkuta ameinamia safu ndefu ya bei za katani, akiniuliza zilishuka kwa nini.

Tulikaa hadi usiku nikimweleza.