KAKI: NENO LENYE VUMBI

Nimechagua kuandika juu ya neno ambalo wengi wetu tumelivaa tangu shule ya msingi: kaki.

Wako wenzetu hapa shuleni wasemao ati Kiswahili ni lugha ya kuombaomba. Ati shati, sketi, koti na hata kaki tulimkopa Mwingereza, basi chama cha Kiswahili ni cha nini? Wanachama wawili wamekwisha kutuacha muhula huu kwa kuogopa kuchekwa. Jambo hili laniuma sana.

Haya, tulifuate neno hilo hadi kwao. Ni kweli tulilipata kwa Mwingereza. Je, yeye alilitoa wapi? Alilitoa Bara Hindi! Katika Kiurdu, khaki ni kitu chenye rangi ya vumbi, nalo latokana na neno la Kiajemi, khak, yaani vumbi au udongo. Mwaka wa 1846 afisa Mwingereza, Harry Lumsden, aliunda kikosi huko Peshawar, mji ulioko Pakistan siku hizi. Zama hizo askari wengi wa Uingereza walivaa makoti mekundu, wakionekana na adui toka mbali kama jogoo uwanjani. Askari wa Lumsden wakavikwa nguo za rangi ya vumbi, wakapotea machoni. Kufikia vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, kaki ilikuwa vazi la vita la Waingereza. Hata uchaguzi wao wa 1900 uliitwa uchaguzi wa kaki. Huku kwetu askari wa King's African Rifles waliivaa pia.

Mama yangu hajui Kiajemi hata kidogo. Lakini kila akininunulia kaptula ya shule alikuwa akisema, "Chukua kaki, mwanangu, haionyeshi vumbi." Kumbe alikuwa akitaja maana ya asili ya neno lenyewe!

Na si kaki tu. Pajama pia ni mkopo: kwa Kiajemi pa ni mguu na jama ni vazi. Mwingereza hulala ndani ya Kiajemi usiku kucha, wala hachekwi na mtu!

Tena sisi hatukulipokea neno hili na kuliweka kabatini. Tulilipa kazi mpya. Twasema bahasha ya kaki, ingawa bahasha si nguo. Mwingereza naye huiita bahasha hiyo kwa jina la Manila, mji wa Ufilipino. Kakopa tena!

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukichekwa kwa sababu ya Kiswahili, usikimbie. Mwulize anayekucheka kaki maana yake ni nini. Akishindwa, mwambie polepole: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Na wale wawili waliotuacha, rudini jamani. Viti vyenu bado vipo, tuvipanguse vumbi tu.