Hofu ya Kungoja Kazi

Nilimaliza chuo cha kilimo mwaka 2004. Nilirudi kijijini kwetu Ufipa na cheti changu. Watu walifurahi. Walisema, "Bwana shamba amekuja." Lakini kazi sikuwa nayo.

Kila wiki nilikwenda Sumbawanga mjini kuulizia barua ya ajira. Nilirudi mikono mitupu. Moyo ulinienda mbio. Usiku sikupata usingizi. Mchana nilijificha ndani, maana niliogopa kuulizwa, "Utaanza kazi lini?"

Februari 2005 baba mdogo alinipa jembe. Tukaenda kutengeneza intumba, yaani matuta ya mviringo ya Wafipa. Tulikata udongo pamoja na nyasi zake, tukaugeuza, nyasi zikafunikwa. Hapo nilimweleza hofu yangu. Hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, nyasi hizi zitaoza polepole. Mvua za Novemba zikija, tutatawanya matuta na kupanda ulezi. Tukifukua leo, tutakuta nyasi tu."

Hofu haikuisha siku ile, lakini usiku nililala. Kesho yake nilirudi shambani. Majirani waliniuliza habari za mbegu na wadudu, nami niliwajibu. Kumbe kazi ilikuwapo, ila mshahara haukuwapo. Barua ilikuja mwaka 2006.

Ndugu vijana mliomaliza masomo, hofu hii si aibu. Msijifungie nayo. Mwambieni mtu mnayemwamini. Fanyeni kazi iliyopo. Usingizi ukikosekana wiki nyingi, nendeni zahanati. Nanyi wazazi, msiwaulize kila siku wataajiriwa lini.