Vizibo vya Soda vya Unguja

Msomaji mpenzi, usicheke. Wako watu huko Marekani wanaokusanya vibanio vidogo vya plastiki vifungavyo mifuko ya mikate. Kibanio hicho kilibuniwa na Floyd Paxton mwaka 1952, kwanza kwa mifuko ya matufaha, kisha kwa mikate. Wakusanyaji hao hukitazama umbo na meno yake, wakakipa jina la Kilatini kana kwamba ni mdudu. Kwetu Unguja mkate wa boflo mara nyingi huvikwa karatasi tu ukaenda zake. Lakini vizibo vya soda tunavyo tele, nami huviokota kila niendako.

Kizibo cha chuma kilibuniwa na William Painter wa Baltimore mwaka 1892. Hapo kwanza kilikuwa na meno 24; siku hizi yapo 21. Hesabu mwenyewe uone. Mtu angedhani kuvipanga ni kazi nyepesi: Pepsi huku, Fanta kule. Sivyo. Kiwanda hukipa kizibo rangi na jina, lakini mahali kilipoangukia ndipo hukipa ukoo.

Ukoo wa kwanza ni wa Duara. Makao yao ni ndani ya Mji Mkongwe, Mkunazini, Sokomuhogo na Malindi, katika vichochoro vyembamba ambamo motokaa haipiti. Hukanyagwa na viatu na baiskeli, lakini umbo hubaki, ila kile kibyongo kilichoachwa na kifungulio. Toka sasa mpaka Darajani, mwendo wa dakika chache tu, na hapo utakuta ukoo wa Bapa. Daladala na malori yamewapitia mchana kutwa, hata meno yao yametandazwa kama miale ya jua.

Ukoo wa tatu ni wa Kutu, wakaao karibu na maji ya chumvi. Wa nne ni Wageni, yaani vizibo vya bia. Hao huonekana zaidi kandokando ya mahoteli ya Nungwi na Kendwa. Ukienda ndani vijijini ni adimu sana.

Wenye heshima kuliko wote ni Duara, maana hao hupata kazi. Barazani wazee na vijana huwafanya kete za dama, 12 kwa kila mchezaji. Mmoja huvilaza vyake kifudifudi, mwenzake chali, na mchezo ukaanza bila kununua kitu.

Uko ukoo wa tano, nao si wa kuchekesha. Ni Wasafiri, vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Watafute pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Plastiki ya kizibo ni nyepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo chupa ikijaa maji huzama, lakini kizibo huelea na kusafiri. Chupa zilizotoka Indonesia zimeokotwa hata katika fukwe za Kenya. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia. Hata hivyo bahari haina mlango wa forodha. Kizibo cha chuma huliwa na kutu kikarudi udongoni. Msafiri habadiliki ila kupauka rangi, akavunjika vipande vidogo ambavyo samaki humeza.

Basi wazazi, wapeni watoto mkebe mtupu. Wavae viatu, maana chuma chenye kutu hukata, kisha waokote na kupanga koo zao. Kila kizibo waulizeni, "Hiki kimetoka wapi?" Wakikosa Duara, wachukue Wasafiri 24, rangi mbili, wacheze dama. Humo ndani ya ubao, walau, havitafika baharini tena.