Tyubu Moja kwa Siku Kumi

Nyumbani kwetu hakuna anayetaja meno ya Susu. Deni la mjomba linatajwa, kesi ya shamba inatajwa, hata habari ya mimi kuacha chuo mwaka wa tatu hutajwa kila Krismasi, kuku akiwa mezani. Lakini meno, kimya. Kila mtu anajua kwamba meno ya nyanya yetu, ya juu na ya chini, ni ya bandia, na kila mtu anajifanya hajui. Tunaiita heshima. Kwa heshima hiyo, mwanamke wa miaka 78 pale Kasikeu alihangaika peke yake karibu miaka miwili, akiagiza gundi ya meno kwa siri kama kijana anayeagiza sigara.

Mimi huandika kwa kulipwa. Wateja wangu wengi wako ng'ambo, na wananilipa nieleze vitu ambavyo sijawahi kuvishika: mashine za kukata nyasi, chakula cha paka, magodoro. Mwaka jana mmoja alitaka maneno elfu mbili kuhusu gundi ya meno bandia. Nikasoma siku nne, nikaandika, nikalipwa, nikaendelea na maisha. Halafu binamu yangu wa Kitengela akalalamika kwenye grupu ya familia: tyubu ya gramu 40 aliyomtumia Susu imekwisha kwa siku kumi, na sasa Susu anaomba nyingine.

Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka. Mimi nikapiga hesabu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema tyubu ya gramu 68 inafaa kumtosha mtu mwenye meno bandia juu na chini kwa wiki 7 hadi 8. Kwa kipimo hicho, gramu 40 ni karibu mwezi mzima. Susu alikuwa anatumia mara tatu ya inayotakiwa.

Nilichoogopa kwanza ni zinki. Mwaka 2008 madaktari wa Dallas, Texas, waliandika katika jarida la Neurology kuhusu wagonjwa wanne waliokuwa wakimaliza tyubu mbili au zaidi kwa wiki. Gundi zao zilikuwa na zinki. Zinki ikizidi mwilini hupunguza madini ya shaba, na shaba ikipungua neva huharibika: miguu inakufa ganzi, mtu anaanza kuyumba akitembea. Februari 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline, wakati huo watengenezaji wa Poligrip, ilitangaza kuacha kutengeneza gundi zake zenye zinki. Lakini gundi za aina hiyo bado ziko sokoni, kwa hivyo kusoma pakiti ni lazima.

Ijumaa nikapanda matatu ya Mombasa Road, nikashuka Sultan Hamud, nikachukua boda hadi nyumbani. Kitu cha kwanza nilichoomba ni pakiti. Haikuwa na zinki. Nikashusha pumzi. Miguu yake pia haikuwa na shida yoyote, ila magoti, na hayo ni ya zamani.

Karatasi ya maelezo bado ilikuwa ndani ya boksi, imekunjwa vile ilivyotoka kiwandani. Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mchwa. Susu anasoma Biblia ya Kikamba bila shida, na gazeti la Kiswahili akipewa muda. Hakuna mtu aliyewahi kumsomea ile karatasi, kwa sababu hiyo ingekuwa kutaja meno. Akajifundisha mwenyewe: anapaka gundi kama Blue Band kwenye mkate, mara nne kwa siku, juu ya mabaki ya asubuhi.

Jumamosi akawafukuza watoto wote jikoni, akafunga mlango, tukaanza upya. Nikamtafsiria kwa Kikamba changu cha Nairobi. Kama una mzee nyumbani, fuata hivi.

Toa meno uyasafishe juu ya karai lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Tumia brashi laini na sabuni ya kawaida. Dawa ya meno inakwaruza plastiki, na uchafu unapata pa kujificha kwenye mikwaruzo hiyo. Maji ya moto usitumie, yanaweza kuikunja. Ondoa gundi yote ya zamani, kisha yakaushe kwa kitambaa safi. Suuza mdomo. Halafu weka vitone vidogo, kila kimoja kama punje ya mbaazi: vitatu chini, vitatu au vinne juu, mbali na ukingo. Yaingize, yabonyeze, uma kwa sekunde chache. Gundi ikifurika pembeni ujue umezidisha. Subiri kama dakika tano kabla ya chai. Mara moja kwa siku inatosha. Usiku yatoe, pangusa ufizi kwa kitambaa chenye maji, na uyalaze kwenye maji safi. Wazee wengi hulala nayo wakiogopa kuonekana bila meno, na si jambo dogo: utafiti wa Japani uliochapishwa 2015, kwa wazee wa miaka 85 na zaidi, ulikuta wanaolala na meno bandia walikuwa na hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili ya wanaoyatoa.

"Kumbe ni kidogo hivi?" Susu akauliza, akiangalia zile punje. Ya juu yakashika hadi jioni. Ya chini yakashika hadi saa saba mchana. Tulikuwa tunakula muthokoi, na katikati ya kutafuna yakainuka upande mmoja. Akaweka mkono mdomoni haraka sana. Ule wepesi wa mkono ulinionyesha kwamba amefanya hivyo mara nyingi.

Sasa hapo ndipo gundi ilipofika mwisho wa kazi yake. Meno ya juu yana bamba pana linalofunika kaakaa, na mate yanalivuta kama vioo viwili vyenye maji vinavyogandana. Ya chini yana umbo la kiatu cha farasi tu, na ulimi unayasukuma kutwa. Halafu kuna mfupa. Mizizi ya meno ndiyo inayoupa mfupa wa taya kazi. Meno yaking'olewa mfupa unaanza kusinyaa, na hauachi. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kufuatilia watu wenye meno bandia kwa miaka 25, na akakuta kwamba taya la chini lilipoteza mfupa karibu mara nne ya la juu.

Susu alitengenezewa meno yake 2009. Plastiki imebaki ya 2009. Taya limeendelea kupungua miaka hiyo yote, na nafasi iliyobaki ndiyo alikuwa anaijaza kwa gundi. Kwa hiyo ile tyubu ya siku kumi ilikuwa ripoti, ila hakukuwa na mtu wa kuisoma. Gundi imetengenezwa kusaidia meno yanayokaa vizuri yakae vizuri zaidi. Ukiona unahitaji nyingi zaidi kila mwezi, au kuna mahali panapochubuka na hapaponi, dawa ni kumwona daktari wa meno, na kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili hakisubiri chochote.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akanyamaza kidogo. Akaniambia kuhusu mama yake, ambaye alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kama Wakamba wengi wa enzi hizo walivyofanya kwa urembo. "Mama alivumilia patasi ili apendeze," akasema. "Mimi nishindwe kuvumilia plastiki?"

Na kuvumilia kulikuwa kumemgharimu. Kwaya ya kanisa aliacha, akasingizia kifua. Kikundi chake cha mwethya alikuwa anatuma mchango lakini haendi, kwa sababu wakimaliza kazi wanakula pamoja. Mahindi ya kuchoma aliacha, maembe anayakamua. Mwanamke aliyekuwa anacheka hadi majirani wanauliza kuna nini, sasa anacheka akiwa amefunga mdomo.

Nilimwomba ruhusa ya kuliambia grupu. Akakubali, kwa sharti moja: nisiweke picha.

Grupu likawaka. Binamu mmoja wa Nairobi akaja na vipandikizi, yaani skrubu ndogo zinazowekwa ndani ya mfupa wa taya. Hakuwa anaota. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mwaka 1965, na mfupa ukashikana na titani. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, vipandikizi viwili vya kushikilia meno bandia ndivyo vinafaa kuwa chaguo la kwanza. Viwili tu, na meno ya chini hayaruki tena. Tukapiga simu kwa kliniki mbili za Nairobi. Bei ilizidi ng'ombe wote wawili wa Susu.

Binamu akasema tufanye harambee. Shangazi akaandika: "Kwa umri huo?"

Hayo maneno mawili na nusu nimeyasikia kuhusu miwani, kuhusu magoti, kuhusu vifaa vya kusikia. Yana sura ya busara, lakini hesabu yake ni mbovu. Mtu wa miaka 78 anaweza kuwa na miaka kumi na zaidi ya kula mara tatu kwa siku. Upande wa pili, hata shauku yetu sisi vijana ilikuwa na kasoro: tulikuwa tunapigia kura mdomo wa mtu ambaye hayuko kwenye grupu.

Nikampigia, nikamsomea machaguo yote. Kuna kuweka tabaka jipya ndani ya meno ya zamani ili yafuate umbo la taya la sasa. Kuna kutengeneza seti mpya, na plastiki ya miaka mingi kama ile imeshalika hata sehemu ya kutafunia. Kuna vipandikizi. Nikamwambia pia kwamba ana sukari, na sukari isipodhibitiwa kidonda cha upasuaji hupona polepole, kwa hiyo daktari atataka kuona vipimo kwanza. Nikamtajia shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na walimu wao.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambie shangazi yako bado sijafa." Halafu akachagua: seti mpya kwanza, kwa pesa za mchango, na skrubu baadaye kama sukari itakubali.

Ilichukua safari tano za Nairobi. Kuchukua kipimo, kupima tena, kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, kuyachukua, kurudi kusawazishwa mahali palipokuwa panamchubua. Alilala kwangu Kayole kila mara, kitandani, mimi kwenye godoro. Usiku wa kwanza aliyatoa akiwa amenigeukia mgongo. Usiku wa tatu aliyatoa tukiongea.

Seti mpya inakaa, ingawa ya chini bado inahitaji vitone vyake vitatu. Tyubu aliyopewa Machi ilimfikisha Mei. Muthokoi anakula, mahindi ya kuchoma bado anayaogopa. Kwaya hajarudi, anasema wamezoea kuimba bila yeye na hataki kuwasumbua, na sijui kama ni kweli au ni aibu iliyobaki.

Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe, saa mbili usiku, kuuliza kama zile skrubu zinashika kutu. Nikamwambia ni titani, haishiki. Akauliza ukubwa wake. Nikamwambia urefu ni kama sentimita moja. Akanyamaza, nikasikia redio yake kwa nyuma. Akasema atafikiria tukishavuna mbaazi.