Barabara ya Mombo na Ugonjwa wa Pikapu Yetu

Akina mama wengi waliowahi kupanda basi la Lushoto wanaifahamu barabara ile inayoanzia Mombo. Chini pale joto la tambarare linakubana, watoto wanalilia maji, na nguo zimeshakugandia mgongoni. Kisha basi linaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda. Baada ya kona chache unaona mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mto unasikika bondeni. Unafika Soni penye maporomoko ya maji na vijana wanaokimbilia madirisha wakiwa na matunda mikononi. Safari yote haifiki kilomita 40, lakini umepanda karibu mita 1,000. Ukishuka Lushoto unaitafuta khanga ya pili ya kujifunika mabegani. Wajerumani, ambao nao hawakuliweza joto la chini, waliuita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao.

Sisi tuliijua barabara hii kwa njia nyingine. Mwaka 1999 mume wangu na mimi tulikuwa tunasomba mboga kutoka Lukozi, juu kabisa, hadi Mombo kwenye malori na mabasi ya Dar es Salaam. Siku nyingine tulifika mpaka Korogwe. Pikapu yetu ilikuwa ya petroli, iliyoundwa mwaka 1981, na ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yetu. Tulianza kupakia saa kumi alfajiri, karoti, kabichi, viazi na pilipili hoho, na nyanya zikakaa juu ndani ya matenga. Mboga nyingi zilikuwa za akina mama wa kule juu waliotukabidhi mali yao bila hata karatasi. Tulipokwisha kuuza ndipo tuliwalipa. Kwa hiyo nyanya zikioza njiani, si zetu peke yetu zilizooza.

Mwezi wa Mei mwaka huo pikapu ilianza kumisi. Kwa wasiolijua neno hili la madereva, injini kama ile ina silinda nne, na kila moja inahitaji hewa, petroli, na cheche ya moto kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda hairipuki, na gari linakosa pigo moja kama moyo uliochoka. Gari linalomisi muda wote si tatizo kubwa. Fundi analiacha linaunguruma taratibu, anaondoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine kwa koleo yenye mpira (usijaribu kwa mkono mtupu, utarushwa), na ule usioleta mabadiliko ndio wa silinda iliyolala. Lakini gari linalomisi leo na kesho likawa zima ni kama mtoto anayelia tumbo usiku, na ukimfikisha kwa daktari asubuhi anacheka na kuomba maandazi.

Ndivyo ilivyokuwa. Tukiifikisha gereji, injini inaimba vizuri. Fundi wa kwanza alifungua plagi, akazikuta nyeusi kwa masizi, akasema tumeupata ugonjwa. Tulinunua plagi mpya. Siku hizo sikujua kwamba juu milimani hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa Tanga kandokando ya bahari hutoa petroli nyingi mno ikifika huku, na plagi lazima ziwe nyeusi. Fundi wa pili alilaumu petroli chafu, akasafisha kabureta na kubadilisha chujio. Wa tatu alituuzia pampu ya petroli. Kila mmoja alikuwa na sababu yenye maana, na kila mara pikapu ilitulia siku mbili tatu tukadhani imepona. Hayo ndiyo maudhi ya ugonjwa wa aina hii. Unapokuja na kuondoka wenyewe, kila dawa huonekana imefanya kazi.

Wa nne alitaka kufungua injini juu, atazame valvu. Gharama aliyoitaja ilikuwa sawasawa na ada ya muhula ya binti yetu aliyekuwa bweni, na fedha hiyo ilikuwa imeshatengwa. Jirani mmoja alishauri kimya kimya kwamba gari limerogwa. Mtu mwingine wa mjini, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alikuja kulizunguka gari na kutaja bei ya vyuma chakavu. Baba watoto, ambaye si mtu wa kukata tamaa upesi, alimwambia arudi Jumamosi ya wiki ya pili.

Jioni moja katikati ya Soni na Lushoto, mahali barabara inapolegeza mlima, pikapu ilishtuka mara tatu na kupoteza nguvu kabisa, na lori lilikuwa nyuma yetu. Watoto wawili walikuwa katikati yetu kwenye kiti. Lori lilipiga honi ndefu likatupita kwa nafasi ndogo sana. Injini ikashika tena kana kwamba hakuna lililotokea. Usiku ule hatukuongea sana.

Kesho yake nilichukua daftari la mtoto, lililobaki kurasa chache, nikaliweka juu ya dashibodi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa kando ya dereva, nilikuwa na mikono mitupu. Kila iliposhtuka niliandika mahali, saa, kama ni baridi au joto, mvua au jua, tunapanda au tunashuka, tuna mzigo au hatuna. Baba watoto aliongeza jambo moja ambalo mimi nisingelifikiria, mguu wake umekanyaga mafuta kiasi gani. Tulifanya hivyo siku kumi.

Barabara ile ni kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Asubuhi unapita msitu wa Magamba, ambao siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia. Mwezi Juni ukungu wake hulowesha kila kitu, mpaka matone yananing'inia kwenye boneti. Kama kofia ya distributa ina ufa au nyaya za plagi zimechakaa, umeme hukimbilia kwenye unyevu na gari linamisi palepale. Yetu haikumisi Magamba hata siku moja. Kupanda kutoka Mombo ukiwa na mzigo, mguu ukiwa chini kabisa, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Silinda iliyoshiba hewa na petroli ni ngumu kurusha cheche ndani yake, kwa hiyo plagi mbovu au koili dhaifu huumbuka mlimani. Na pampu iliyochoka haiwezi kuilisha injini kwa kiwango hicho. Siku tulizorudi na magunia ya unga na sukari ya wenye maduka, pikapu yetu ilipanda kama mbuzi. Halafu kuna joto la Mombo saa saba mchana, ambapo petroli huweza kuchemka ndani ya bomba lake. Madereva wa zamani hufunga kitambaa kibichi kwenye pampu kwa sababu hiyo. Tulifunga kitambaa. Hakikusaidia kitu.

Ilipomisi ni pale penye raha. Ilimisi tambarare, mwendo wa wastani, mguu mwepesi. Ilimisi tukirudi bila mzigo zaidi kuliko tukiwa nao. Na barabara ya kwenda Korogwe, iliyonyooka katikati ya mashamba ya mkonge, milima ikiwa upande wa kushoto, ndiyo iliyojaza ukurasa mzima. Gari linaloumwa likipumzika na kupona likifanya kazi! Nilipoyasoma maandishi yale usiku, nilielewa ni kwa nini jirani alizungumza habari za uchawi.

Siku ya Alhamisi, kabla ya ile Jumamosi, tulifika Korogwe na nyanya. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari, aliyefanya kazi chini ya mwembe na boksi moja la vifaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Gari lina nini?"

Baba watoto akaanza kueleza habari za plagi na pampu. Mzee akamsikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyetuuliza kabla yake, "Linachechemea au linajikwaa?"

Tulitazamana. Akafafanua kwamba silinda moja ikikosa moto, gari huchechemea kwa mpigo ule ule, kama mtu mwenye mguu mmoja mbaya. Lakini kama umeme unakatika kwenye mzizi, kabla haujagawanywa, silinda zote nne hufa pamoja na kufufuka pamoja, na gari hujikwaa kama mtu aliyepiga jiwe.

"Linajikwaa," nikasema mimi, nikamkabidhi daftari.

Alilisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika ukurasa wa barabara ya Korogwe akacheka kidogo. "Mama, hapa umeshanifanyia nusu ya kazi."

Akamwambia baba watoto awashe injini na asikanyage mafuta. Ikaunguruma vizuri kama ilivyozoea mbele ya mafundi. Kando ya distributa kuna kopo dogo la bati, na kutoka kwenye kopo hilo mpira mwembamba unakwenda kwenye kabureta. Mzee akauchomoa mpira upande wa kabureta, akaufuta kwa shati, akauweka mdomoni na kuufyonza. Injini ikajikwaa mara moja. Akaachia, ikatulia. Akafyonza tena, ikazimika kabisa.

Watoto wa jirani waliokuwa wakitazama walipiga makofi. Mimi nilitaka kujua mpira ule una kazi gani. Mzee alieleza kwa kutumia kiganja chake. Ndani ya distributa kuna sahani ndogo inayobeba platini, zile pua mbili za chuma zinazofungua na kufunga umeme. Gari likienda mwendo wa raha, mguu mwepesi, kabureta inavuta hewa kwa nguvu kupitia ule mpira, na utando uliomo ndani ya kopo unaizungusha sahani kidogo ili cheche iwahi. Hilo huokoa petroli. Ukikanyaga mafuta mpaka chini kupanda mlima, mvuto unapotea na sahani inarudi mahali pake. Injini ikiunguruma tu gereji, katika kabureta kama ile yetu, mpira hauvuti kitu, na sahani imelala.

Basi, juu ya sahani ile kuna waya mfupi usiozidi urefu wa kidole, unaopeleka umeme kwenye platini. Kila sahani inapozunguka, waya unajikunja na kujikunjua. Baada ya miaka kumi na minane nyuzi zake za shaba zilikuwa zimekatika ndani kwa ndani, na ngozi yake ya nje ilibaki nzima. Sahani ikilala, ncha zilizokatika ziligusana. Ikizunguka, ziliachana. Mzee aliufungua na kunipa niushike. Kwa macho ulikuwa mzima, lakini katikati ulilegea kama tambi iliyopikwa.

Alikata kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, akakichomelea kwa risasi ncha zote mbili, na kukiachia ulegevu kidogo. Alisisitiza kwamba waya mgumu wa kuingizia umeme nyumbani, ambao mafundi wengine huutumia kwa sababu ndio ulio karibu, ungekatika tena baada ya muda mfupi. Akasugua platini kwa msasa mwembamba, akapima nafasi yake, akafyonza mpira. Injini haikushtuka. Bei aliyotutoza ilikuwa ndogo kiasi kwamba baba watoto alimwongezea, pamoja na tenga dogo la nyanya.

Jumamosi yule mtu wa vyuma chakavu alikuja kama alivyoahidi. Alikuta pikapu haipo, imekwenda Mombo.

Magari mengi ya leo hayana platini wala ule mpira wa kufyonza, na fundi hufika na mashine ya kusoma hitilafu. Hata hivyo waya bado hukatika ndani ya ngozi yake, hasa mahali unapojikunja kila siku kama kwenye bawaba za mlango, au unapotikiswa na injini. Na ikiwa hitilafu ni ya kuja na kuondoka, mashine huweza isionyeshe kitu chochote kwa sababu wakati huo gari ni zima. Dada yangu anayeishi Tanga alihangaika na gari lake miezi minne kwa namna hiyo. Nilimuuliza linachechemea au linajikwaa, akanijibu kwamba hajui, yeye hukaa kiti cha nyuma na watoto.

Nilimwambia ahamie mbele, na achukue kalamu.