Rosa Kasoma Moro, Sasa Mzingile Ipo Wapi?

Mji kasoro bahari una mambo yake. Jumapili moja wapenzi wawili walipanda Uluguru kwa njia ya Morningside wameshikana mikono, wakashuka hawasemeshani. Hapakuwa na meseji ya mchepuko, hapakuwa na deni. Waligombania Kezilahabi.

Ndiyo, Euphrase Kezilahabi, yule mzee wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, ambaye wengi wenu mlimsoma kwa ajili ya mtihani tu, mtihani ulipoisha mkamuacha hukohuko.

Jamaa anasoma SUA, mtoto wa filamu za anga za juu, simu yake imejaa roketi na roboti. Dada ni mwalimu wa sekondari. Sasa jamaa alikuwa ndo kwanza kamaliza Nagona (1990) na Mzingile (1991), kapagawa kabisa. Njia nzima anahubiri. Eti mzee kaandika dunia iliyoteketea, mtu anatembea kwenye mabaki yake, eti kwenye Nagona unawakuta kina Plato, Darwin na Nietzsche, na kuna paa anayewindwa hakamatiki. "Hii ndo sayansi ya kubuni yetu," akasema. "Rosa Mistika ni tamthilia ya saa mbili usiku tu."

Dada akanyamaza. Kaka zangu, mwanamke akinyamaza mlimani, jiongezeni.

Kusema ukweli jamaa aliongeza chumvi. Mzingile haina mashine wala chombo cha kuruka, ni ndoto na falsafa iliyovaa hadithi. Mwenye hamu ya chombo amtafute Katama Mkangi wa Kenya, kwenye Walenisi (1995). Mle Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kirushwe naye afie huko, yeye anajifunza kukiendesha mpaka anatua kwenye nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa. Lisome hilo jina polepole: wale ni sisi. Na Mkangi huyohuyo ndiye aliyeandika Ukiwa (1975), mapenzi ya vijana, machozi matupu. Wasomaji wake nao wamegawanyika hivyohivyo, wa Ukiwa na wa Walenisi, kila mmoja anamuona mwenzake kapotea.

Lakini dada hakununa kwa sababu ya chombo.

Wiki moja kabla, mdogo wake wa kidato cha tatu alikutwa na meseji za mvulana. Baba yao akaipasua simu, kisha akamshukia mtoto kwa mkanda mpaka majirani wakaingia. Sasa fungua Rosa Mistika ya 1971, mwanzoni tu. Zakaria anambaini binti yake na barua ya mvulana, kipigo chake mnakijua. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa karatasi, hii ilikuwa WhatsApp. Halafu Rosa anakua, anatoka kwa baba, anakuja kusomea ualimu wapi? Hapahapa Morogoro! Na anaharibikiwa, maana alilelewa kwa fimbo, hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamwambia wanaume ni watu wa namna gani. Dada naye kasomea ualimu mji huuhuu. Anasema alikisoma kile kitabu bwenini, mgongo kaupa ukuta, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

Basi wakati wanapanda alimuuliza mwenzake, nimpelekee mdogo wangu Rosa? Jamaa akajibu bila hata kufikiri: "Usimpe, itamharibu. Mpe Nagona."

Itamharibu! Neno hilohilo la waliokipiga marufuku mashuleni zamani, kabla hakijageuka kuwa kitabu cha kufundishia. Na limetoka kwa kijana wa leo, mpenda mambo ya mbele. Jamaa ni Mluguru, ukoo kwao ni wa mama, mwenye sauti alikuwa mjomba mpole wa kulima ndizi. Zakaria kwake ni mtu wa hadithi. Kwa dada ni mtu anayerudi nyumbani saa moja jioni.

Wakashuka kimya. Kina mama waliokuwa wanateremsha ndizi kwenda soko la Chifu Kingalu wakawapita, wakawasalimu, salamu ikaitikiwa na mmoja.

Usiku dada akatuma meseji moja tu: "Rosa uliisoma mpaka mwisho?"

Kumbe hakuisoma. Alisoma muhtasari wa mtihani, wahusika, dhamira, basi. Akaomba nakala kwa jirani wa hosteli, akakesha nayo. Saa nane usiku akaandika: "Kumbe baada ya kufa Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, wanasomeana mashtaka?"

Dada akajibu: "Sasa nani kakuambia mzee alianza kutoka duniani 1990?"

Hapo hata asiyependa vitabu atakubali kwamba dada kafunga goli. Anayesema kuna Kezilahabi wawili, mmoja wa vijijini na mmoja wa ajabuajabu, hakufika kurasa za mwisho za kitabu cha kwanza. Mzee alikuwa anauliza mbinguni miaka karibu ishirini kabla ya Nagona. Ila jamaa naye hajakubali kirahisi. Anasisitiza kwamba Rosa anakuonyesha ulivyofungiwa, Mzingile inakuacha utafute mlango mwenyewe, na mtoto aliyepigwa anahitaji mlango zaidi ya kioo. Dada alikaa na hilo siku mbili nzima bila kulijibu.

Jumamosi iliyofuata vitabu vyote viwili vilifika kwa mdogo mtu, chini ya mfuko wa stroberi za mlimani, baba asione. Ameanza na Mzingile, eti kwa sababu ni kembamba.